Shela, umbo la bibi harusi na futi ya fundi

Najua nimewatupa. Nilikuwa likizo nyumbani Morogoro, pale Mzinga, kwa shughuli ya harusi ya mdogo wangu wa kike. Kwa wasioijua Mzinga, ni kata ya Manispaa ya Morogoro, miguuni mwa milima ya Uluguru. Mto wenye jina hilohilo unateremka kutoka mlimani kuelekea bwawa la Mindu. Wengi mnalijua jina kwa sababu ya lile Shirika la Mzinga la jeshi. Ukizaliwa kule unazoea utani. Mzinga wa kurusha makombora, mzinga wa nyuki, mzinga wa konyagi... yote tumeshaitwa.

Leo sitaki kuzungumzia mizinga. Nataka kuzungumzia shela. Najua kuna kaka zangu watakaosema, "Jamaa kaishiwa habari, sasa anaandika mambo ya magauni." Tulia kwanza, usome mpaka mwisho. Kwenye gauni hilo mdogo wangu nusura aumie, na mimi nilipoanza kuuliza maswali ya kiripota nikakuta historia ambayo chuoni hatukufundishwa.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu alikwenda mjini na mpambe wake kwenye duka moja linalokodisha mashela. Akaonyeshwa gauni la mkia wa samaki, lile linalobana kuanzia kifuani mpaka magotini kisha linafunguka chini. Kwenye sanamu ya dukani lilikuwa zuri ajabu. Kwake zipu ikagoma katikati ya mgongo. Umbo lake siyo namba nane. Ni msichana wa mwili ulionyooka, mabega na nyonga sawasawa, kiuno hakijakatika, na katumbo kidogo. Dada wa dukani akamtazama juu mpaka chini, akamwambia, "Dada, hapa inabidi upunguze. Mwezi mmoja unatosha kabisa." Akalipa kianzio, akarudi nyumbani, akaacha kula.

Sisi wengine hatukujua. Tulidhani ni mawazo ya harusi. Wiki ya tatu akaanguka jikoni kwa mama, sufuria la maharage likamwagika pembeni yake. Zahanati wakasema ni njaa. Njaa, wadau! Binti wa Morogoro, mji uliozungukwa na ndizi, magimbi na mboga za Mgeta, anaanguka kwa njaa kwa sababu ya zipu.

Jioni ile bibi yetu, aliyekuwa ameshuka kutoka Matombo kwa ajili ya harusi, alimwita mjukuu wake akamkalisha kwenye mkeka. Nikamsikia akiuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, hilo gauni alipimwa nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Alipimwa nani?

Tuanze nyumbani. Kabla ya shela kufika Uluguru, neno lililokuwa na uzito lilikuwa mwali. Waluguru, kama majirani zao Wazaramo na Wakwere, wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya mlimani ilipita kwa ukoo wa mama. Binti akivunja ungo ilikuwa habari ya ukoo mzima. Aliwekwa ndani, akafundwa, akalishwa vizuri, hakuchomwa na jua, na siku ya kutolewa alitoka amenawiri. Kunenepa kulikuwa dalili kwamba ukoo wake una chakula na kwamba kazi ya kumtunza imefanyika. Mwali aliyetoka amekonda ilikuwa aibu ya walezi wake.

Makabila hayohayo yana kinyago kidogo cha mti kinachoitwa mwana hiti, ambacho mwali alikaa nacho ndani na kukitunza kama mtoto. Vipo vingi leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Kitazame vizuri siku moja. Kina kichwa chenye mtindo wa nywele, vijiti viwili vidogo vya maziwa na kitovu. Mikono hakina, miguu hakina, na kiuno hakikukatwa. Mwili wake ni gogo la mviringo lililonyooka... kama mzinga wa nyuki. Wachongaji wa pwani na Uluguru walipotaka kumwonyesha binti aliye tayari kuwa mama, umbo walilochonga ndilo hilo. Bibi aliposikia nikimweleza mdogo wangu habari hii alicheka mpaka akakohoa.

Na nguo? Nguo ya kujifunga haina ugomvi na mwili. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, watu wakakiita merikani kwa nchi kilikotoka. Kilibebwa na misafara kuingia bara, na njia ya misafara ilipita Morogoro. Stanley alipopita hapa mwaka 1871 aliukuta mji wenye ngome wa Simbamwene ukitawaliwa na mtoto wa kike wa Kisabengo, na sharti la kupita lilikuwa kutoa kitambaa. Baadaye, mwishoni mwa karne hiyo ya 19, ikaja kanga. Kwa harusi za pwani ikawa kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kanga haina saizi. Mnene anajifunga, mwembamba anajifunga, mjamzito anajifunga, na mwaka ujao mwili ukibadilika kanga ni ileile.

Sasa shela jeupe limetoka wapi? Wengi tunadhani ni amri ya kanisa tangu zamani. Siyo. Ulaya yenyewe mabibi harusi wengi walivaa rangi yoyote, mradi ni nguo yao nzuri kuliko zote, na walikuja kuivaa tena Jumapili nyingine. Kilichobadilisha mambo zaidi ni harusi moja, ya Malkia Victoria wa Uingereza na Albert, tarehe 10 Februari 1840. Alivaa hariri nyeupe iliyofumwa Spitalfields, London, na lesi ya Honiton kutoka Devon, na sababu mojawapo ilikuwa kuwapa kazi mafundi wa nchi yake. Picha zilichorwa, zikachapishwa, na matajiri wakaiga. Mabinti wa kawaida walichukua miaka mingi sana kufuata, maana nguo nyeupe ni gharama kuinunua na taabu kuifua.

Hapo kuna jambo la kuzingatia. Victoria alikuwa na miaka 20 na urefu wa futi tano hivi. Gauni lake lilikuwa na shingo pana iliyoacha mabega wazi, kiuno kilichobanwa na sketi pana. Lilikatwa kwa mwili wake. Dunia nzima ikachukua gauni lililopimwa kwa binti mmoja mfupi wa Kiingereza ikaliita gauni la bibi harusi.

Kwetu lilikuja na misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakasogea bara, Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro, na Matombo mwishoni mwa miaka ya 1890. Matombo kwa Kiluguru ni maziwa ya mwanamke, kwa ajili ya majabali ya pale yanavyoonekana ukiwa mbali. Yaani misheni ilijengwa mahali palipoitwa kwa umbo la mwanamke, na kazi mojawapo ya misheni ikawa kulifunika umbo hilo kwa gauni refu la mikono.

Bibi alifunga ndoa kanisani Matombo mwaka 1962. Anasema nyumbani alitolewa kwa kanga na ngoma, halafu kanisani akavaa gauni jeupe la kuazima lililokuwa limeshavaliwa na mabinti watatu kabla yake. Wote walikuwa warefu kuliko yeye. Shangazi yake akalipandisha kwa pini kiunoni, na padri alipokuwa anasoma Injili pini mbili zikamchoma. "Nikakaa kimya," anasema. "Nilidhani ndiyo ndoa yenyewe."

Miaka sita baadaye suala la mwili wa mwanamke na nguo likawa la taifa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita vimini, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Ikaitwa Operesheni Vijana. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, wasichana walishambuliwa mitaani Dar es Salaam na kuchaniwa nguo. Barua za wasomaji zikajaa magazetini. Wapo waliosema tunalinda utamaduni, na wapo waliouliza utamaduni upi, maana kabla ya misheni bibi zetu hawakuona haya kuacha vifua wazi. Mimi nikisoma mjadala ule naona kitu kimoja. Kuanzia padri mpaka kijana wa chama, kila mtu alikuwa na maoni kuhusu gauni, isipokuwa aliyelivaa hakuulizwa.

Halafu ikaja dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikaisha, viwanda vikakosa vipuri, duka la kaya likawa na foleni na rafu tupu. Mwaka 1983 serikali ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Mwaka huohuo mama yetu mkubwa akaolewa! Kitambaa cheupe cha gauni hakikupatikana mjini Morogoro, mji ambao ulikuwa unajengewa viwanda. Shela lake lilishonwa kwa lesi ya pazia la sebuleni kwa jirani, na shumizi ikatoka kwenye shuka.

Lakini fundi alimpima. Mzee mmoja mwenye cherehani barazani alimsimamisha mbele yake na futi, akachukua kifua, kiuno, nyonga, upana wa bega na urefu kutoka begani mpaka chini. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa mali adimu, kila mshono aliuachia akiba ndani, sentimita kadhaa zilizokunjwa ambazo mtu wa nje hazioni. Kuanzia 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ikarudi, na zama za Mzee Mwinyi mashela ya kukodi yakaanza kuzoeleka. Hata hivyo mama yetu, alipoolewa mwaka 1990, alivaa lilelile la dada yake. Mama ni mpana kuliko mama mkubwa. Fundi akafumua, akatoa akiba, akashona tena. Likamkaa. Ninayo picha yao mezani hapa ninapoandika, na ukiambiwa ni pazia utabisha.

Sasa turudi kwenye duka la mdogo wangu. Yale magauni yanatoka kiwandani, mengi China, yakiwa na saizi zake zimeandikwa. Hizo saizi nazo zina historia. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili viwanda vya nguo vipate saizi moja ya kufuata. Hesabu zilizotumika zilikuwa za wanawake weupe tu. Mwaka 1958 wakatangaza viwango vya saizi kwa hesabu hizo, na mwaka 1983 wakavifuta, maana hata Wamarekani wenyewe haviwakai. Leo kila kiwanda kina vipimo vyake, lakini wazo limebaki, kwamba kuna mwili wa wastani mahali fulani, na wewe ukizidi hapa au ukipungua pale kosa ni lako.

Kwa hiyo jibu la swali la bibi ni hili. Alipimwa nani? Hakuna. Gauni lile halikupimwa kwa mtu yeyote aliye hai. Mdogo wangu alikuwa anakufa njaa ili afanane na sanamu.

Basi tukakaa mezani, mama, mama mkubwa, bibi harusi na mimi nikiwa na daftari, tukaanza kuyachambua magauni kwa asili yake. Nilichojifunza nawagawia, dada zangu mnaojiandaa, maana kila mkato ulibuniwa kwa sababu fulani.

Mkato wa kiuno kuanzia chini ya matiti ulitamba Ufaransa zama za Napoleon. Josephine alivaa wa namna hiyo siku ya kutawazwa, mwaka 1804. Kitambaa kinashikwa mahali pembamba pa mwili kisha kinadondoka bila kugusa tumbo. Mwenye tumbo, au bibi harusi aliye mjamzito (tusijifanye hawapo), hapo ndipo kwake.

Gauni la sketi pana na kiuno kilichokatwa, ukoo wa Victoria, ndilo Christian Dior alilolifufua Paris mwaka 1947 baada ya miaka ya vita na mgawo wa vitambaa. Linafaa mwenye nyonga kubwa anayetaka kuzipumzisha, na mwembamba anayetaka kuonekana ana nyonga. Kama wewe ni mfupi, punguza upana wa sketi, vinginevyo litatembea gauni na wewe hutaonekana.

Mwaka 1955 Dior huyohuyo akaleta lile linalobana juu na kupanuka taratibu kuelekea chini, kama herufi A. Mafundi wengi watakuambia ndilo lisilo na maadui.

Kitambaa kukatwa mshazari, ili kiteleze juu ya mwili kama maji, ni kazi iliyompa sifa Madeleine Vionnet wa Paris miaka ya 1920 na 1930. Kinaonyesha kila kitu. Kama una umbo namba nane na unalipenda, vaa. Kama una sehemu unayotaka ibaki siri, kitambaa hicho ni mbea.

Mikono mikubwa ya kuvimba ilienea baada ya harusi ya Diana, tarehe 29 Julai 1981, ile ya mkia wa mita saba na zaidi. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, hivyo mitindo ilitufikia kwa picha za magazeti. Mikono ile inapanua mabega na kufanya kiuno kionekane kidogo. Mwenye mabega mapana tayari aikwepe.

Na gauni lisilo na mikono wala kamba, linashikwa na kifua peke yake. Kipimo kikikosewa kidogo tu, bibi harusi usiku mzima atakuwa analivuta juu. Mmeyaona ukumbini, msibishe.

Mdogo wangu, kwa mwili ulionyooka, hakuhitaji kukonda wala kunenepa. Alihitaji gauni linalochora kiuno mahali ambapo hakijachorwa. Kianzio cha dukani tukakiacha kiende. Tulikwenda mjini, karibu na Soko la Kingalu, tukanunua satini na lesi. Fundi, mama mmoja wa makamo, akamwambia avae viatu atakavyovaa siku yenyewe, ndipo apimwe. Akakata kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei rahisi. Nikamuuliza kinaitwaje. "Merikani," akanijibu. Nikatabasamu peke yangu. Kilikuwa ni kitambaa kilekile cha Simbamwene.

Akarekebisha mara mbili juu ya merikani kabla hajagusa satini. Juu akaliacha laini, kiunoni akaweka mkanda mpana wa lesi, marinda yakaanzia hapo kwenda chini, na mabega yakafunikwa kidogo. Gharama ilizidi ya kukodi, sitawadanganya. Kamati ya harusi ilinuna. Mjomba mmoja alisema hizo pesa zingeongeza kreti za soda. Na kweli, kuna dada ambaye hana pesa hiyo, kwake kukodi ndiyo njia pekee. Kwake nasema, chagua kwanza lenye kamba za mgongoni, zinazoweza kukazwa na kulegezwa, kabla ya lenye zipu. Jaribu kukaa chini, kuinua mikono na kucheza ukiwa nalo. Na mtu wa dukani akikuambia upunguze, muulize swali la bibi.

Siku ya harusi mdogo wangu alikula. Namaanisha alikula kweli, pilau sahani nzima mbele ya kamera, mpaka mpambe akaanza kumkonyeza. Kanisani aliingia akiwa anapumua, akatembea bila kushika nguo, na mama mkubwa alilia kuanzia mlangoni. Bibi alikaa mstari wa mbele amejifunga kisutu.

Juzi nilipokuwa narudi Dar kuanza kazi nililiona gauni limetundikwa chumbani kwa mama, limefunikwa kwa kanga. Nikaligeuza ndani kidogo kwa udaku wa kazi. Kila mshono una akiba, vidole viwili vizima. Nikamuuliza mama kama fundi aliambiwa. Akasema hapana, mafundi wa zamani hawaambiwi. Tunaye binamu, yupo kidato cha sita, mwili wake ni mpana kama wa mama.

Haya wadau, niambieni. Kwenu mama zenu walivaa nini? Waulizeni kabla picha hazijafifia. Alamsiki.